Pompe ya Mama Kanyere

Siku waliponiaga kazini waliniletea soda, kuku na kikwembe, yaani kitenge, cha kijani, wakasema maneno mazuri hata nikajiuliza wanamzungumzia nani. Baadaye vijana wa kituo wakanifuata nje. Nilidhani wanataka kujua njia ya kupanda cheo, jambo ambalo sikulijua kamwe. Hapana. Walitaka kujua tulitibu vipi watu wa pumu wakati wa vita, barabara ikiwa imefungwa na kabati ya dawa imebaki na harufu tu. Nikawaambia nitaandika.

Jina langu ni Kahindo, infirmière, yaani muuguzi. Nilianza katika hopitali moja ya Butembo, nikamaliza katika kituo cha afya upande wa Kalunguta, kwenye njia ya Beni. Niliingia hopitali asubuhi ya ukungu, na baridi ile ya Butembo inayokufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Blouse, lile koti jeupe la kazi, waliyonipa ilikuwa ya mtu mara mbili yangu. Wakanipeleka kwa docteur Nzanzu, mtu mfupi, mkimya, aliyekuwa na desturi ya kuficha stethoscope kwapani ili ipate joto kabla ya kuigusisha kifuani mwa mgonjwa. Hakuniuliza diploma.

"Uliisha kuona mutu anakosa pumuzi?" akasema.

"Hapana, docteur."

"Utaona. Usikimbie. Mugonjwa anaangalia uso yako mbele ya kuangalia sindano."

Nilimwona mapema kuliko nilivyotaka. Alikuwa mama mmoja wa Kyavinyonge, mchuuzi wa samaki wa kukaushwa kwa moshi. Aliingia akiwa amekaa wima juu ya kitanda cha magurudumu, mikono imekaza magotini, mabega yanapanda na kushuka, na kifua chake kikipiga filimbi hata kwenye korido tulisikia. Nilivuta aminophylline, dawa ya kufungua kifua, kwenye sindano, nikapata mshipa, nikaanza kusukuma kwa haraka, maana niliona anazama. Docteur akanishika kiganja. Hakukivuta, alikishika tu.

"Polepole," akasema. "Sukuma kama mutu mwenye hana safari."

Tukasukuma hivyo, yeye akiangalia saa yake na mimi nikiangalia midomo ya mama yule ikirudi rangi. Alipoweza kusema, alisema samaki wake wako kwenye gari, mtu awatoe juani. Hapo nilijua amepona.

Mchana docteur Nzanzu akaniita. Alichana upande wa katoni ya serum, maji ya kutundikia wagonjwa, akachora bomba lenye duara kulizunguka.

"Kila njia ya pumuzi iko na musuli inaizunguka," akasema. "Musuli ikikaza, njia inafungika. Sasa, nani anaambia musuli ilegee? Iko mesaje moja kadogo ndani ya seli, banaiita AMP cyclique. Ikiwa mingi, musuli inalegea. Ikipunguka, inakaza."

"Na nani anaitengeneza?"

"Enzyme moja iko ku mulango wa seli. Adrénaline inafika inje, inagonga, haiingie. Ile enzyme inasikia mulio, inaanza kutengeneza mesaje. Dawa ya pompe, ile ya kuvuta na kinywa, salbutamol, njo kazi yake: kugonga mulango."

Nikauliza kama mesaje ikisha kutengenezwa inabaki.

"Hapana. Iko enzyme ingine yenye kuivunja. Saa yote inavunja. Phosphodiestérase." Alilitamka jina lile polepole kama mtu anayevuka daraja bovu. Kisha akachora ndoo chini ya robinet ya maji, na tundu chini ya ndoo. "Pompe inafungula robinet. Aminophylline inaziba tundu. Zote mbili zinajaza ndoo, lakini hapana kwa njia moja. Tena sikia: ile enzyme ya kuvunja iko pia ndani ya moyo, iko ndani ya kichwa. Aminophylline haijue kuchagula. Ukiziba sana, moyo unakimbia mpaka unapoteza njia. Njo maana nilikushika mukono."

Vitabu vilivyokuja baadaye vilisema aminophylline ina kazi nyingine tena, na wenye elimu bado wanabishana. Waache wabishane. Mimi niliendelea na ndoo, kwa sababu ndoo ndiyo iliyonifundisha kuhesabu matone.

Kwa docteur Nzanzu nilijifunza pia kutengeneza chupa. Mgonjwa aliyechoka hawezi kuvuta pompe sawasawa. Dawa inaishia kwenye ulimi. Unachukua chupa ya plastiki, unatoboa kitako kwa kisu cha moto, unaingiza pompe hapo, na mdomo wa chupa unakuwa mdomoni mwa mgonjwa. Unabonyeza, dawa inakaa ndani ya chupa kama ukungu, naye anaivuta kwa nafasi yake. Hakuna kifaa nilichotumia zaidi ya hicho, na hakuna aliyewahi kunipa cheti chake.

Kisha vita ikaja. Sitaandika majina ya wenye bunduki. Yalibadilika hata sisi wenyeji tulichanganyikiwa, na mgonjwa anayelala chini ya kitanda kwa sababu ya risasi haulizi ni za chama gani. Mwenzetu wa kituo cha Kalunguta alikimbia na jamaa yake, nami nikatumwa pale. Nilikuta vitanda, stethoscope moja, kifaa cha kupima tension, yaani shinikizo la damu, chenye mpira uliozibwa kwa kiraka cha baiskeli, na jiko la makaa la kuchemshia sindano. Dawa zilikuja wakati barabara ya Butembo au ya Beni ilipokuwa wazi. Ikifungwa, hazikuja.

Ni pale nilipomjua Mama Kanyere. Alikuwa mjane, mkulima wa Vuhovi, aliyekimbilia kwa binti yake Masika. Mwembamba, mwenye sauti nzito iliyowasumbua waimbaji wenzake wa kanisa, kwa sababu alikuwa akikatiza wimbo katikati ili avute pumzi, kisha anaendelea alipoachia, wakati wengine wameshafika ubeti mwingine. Pumu ilikuwa naye tangu utoto. Mtoto wake wa kiume, mfanyabiashara aliyekuwa akivuka mpaka kwenda Uganda, alimletea pompe, na Mama Kanyere aliifunga kwenye pembe ya kikwembe chake, kiunoni, kwa fundo ambalo sikuwahi kuona limelegea. Aliitumia kwa ubahili. Barabara zilipofungwa, mtoto yule hakuweza tena kupita, na wote wawili tulijua kwamba pompe ile haina mwenzake.

Vidonge vya pumu vilipokwisha kituoni, nilianza kuwaambia watu wa pumu wanywe kahawa nyeusi, nzito, kifua kinapoanza kubana. Docteur Nzanzu alikuwa amenifundisha kwamba kahawa na aminophylline ni watu wa ukoo mmoja. Kahawa nayo inaziba tundu, ila kwa mkono dhaifu. Si dawa ya mtu anayezama. Ni ya kumshikilia mtu mpaka msaada ufike. Mama Kanyere aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

"Maisha yote tunavuna kahawa, tunaianika, tunaiuzisha," akasema. "Hakuna siku niliionja. Kumbe tulikuwa tunauzisha pumuzi."

Shauri lile lilitembea haraka kuliko nilivyodhani. Kalunguta nzima ilijua kwamba mama munganga, ndiyo mimi, anatibu asma kwa kahawa.

Siku moja ya soko, baada ya saa sita, askari walifika wakisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Juu yake walikuwa wamemweka komanda wao. Watu waliokuwa kwenye ukumbi wangu walitawanyika, isipokuwa wale ambao miguu haikuwaruhusu, na Mama Kanyere, aliyekuja kupimwa tension na hakutaka kupoteza zamu yake.

Komanda alikuwa mwanaume mnene wa makamo. Alikaa wima kama yule mama wa Kyavinyonge, mikono magotini, hawezi kumaliza neno. Msaidizi wake, luteni kijana, akatoa mfukoni kiboksi cha ampoule, vichupa vya dawa ya sindano.

"Mama, beta ye tonga, noki," akaniambia kwa Lingala: mpige sindano, haraka.

Nilisoma kiboksi. Ilikuwa aminophylline. Nikamgeukia mgonjwa kwanza. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, shati lilikuwa na matapishi, na mapigo ya mkono nilipoyashika yalinitoroka: yanakimbia, yanaruka moja, yanakimbia tena. Pumu peke yake haimfanyi mtu hivyo.

"Alimeza kitu gani?" nikauliza.

Luteni akanionyesha vidonge, navyo vya jamii ileile. "Kila mara anakosa pumuzi, anameza. Toka asubui. Tena tulimupatia kahawa nguvu sana. Batu ya hapa banasema inasaidia."

Shauri langu lilikuwa limenirudia. Vidonge, kahawa, na sasa sindano. Kitu kilekile kwa milango mitatu. Niliweka kiboksi juu ya meza.

"Hii sindano siipige," nikasema.

Luteni aliweka bunduki yake juu ya meza ileile, kwa upole, kama mtu anayeweka mwavuli. "Akikufa hapa, mutajua," akasema.

"Njo maana ninakatala. Vidonge, kahawa na hii sindano ni bandugu. Zinafanya kazi moja tu. Bawili waliisha kuingia. Wa tatu akiingia, moyo utasimama mbele yako, na mukono wenye utaona umeshika sindano ni wangu. Gusa hapa."

Nikachukua vidole vyake nikaviweka kwenye mshipa wa komanda. Aliviondoa haraka. Nadhani mapigo yale yalimwogopesha kuliko maneno yangu.

"Kwa hiyo unakatala kumutunza?"

"Ninakatala dawa. Mugonjwa simukatale. Munipe nafasi."

Nilikuwa na hydrocortisone kidogo, dawa ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa, nikampiga sindano yake, nikijua kwamba inachukua saa nyingi kabla ya kusaidia. Tundu lilikuwa limezibwa hata kupita kiasi. Kilichobaki ni kufungua robinet, kidogo kidogo, kwa kitu kinachoingia mapafuni na kisichomwagika sana mpaka moyoni. Kituo hakikuwa na kitu hicho. Kilikuwa kwenye fundo la kikwembe, hatua chache kutoka hapo, na katika chumba kile waliojua walikuwa mimi na mwenye nacho tu.

Niliinama kwa Mama Kanyere kama ninayemfunga mpira wa tension. Nikamwambia kwa Kinande, lugha ambayo askari wale hawakuijua. Nilimwambia ukweli wote: kwamba pompe yake inaweza kumwokoa yule mtu, kwamba huenda isirudi, kwamba mimi sina nyingine na sijui barabara itafunguka lini. Nikamwambia pia kwamba akikaa kimya, hakuna atakayejua, nami nitafanya niwezavyo bila hiyo.

Alimtazama komanda kwa muda. "Ni mtu mbaya?" akaniuliza.

"Sijui. Ninajua tu kwamba hapumui."

"Hiyo ninaijua," akasema, akaanza kufungua fundo.

Nilitafuta chupa, nikaitoboa. Komanda aliisukuma mara ya kwanza, akidhani ninamziba mdomo. Mama Kanyere akasimama kutoka kwenye benchi, akaja akajikalisha mbele yake, akavuta pumzi polepole ili aone, akaitoa, akavuta tena. Hawakuwa na lugha moja. Yule mwanaume alimfuata kama mwanafunzi. Nilibonyeza, nikangoja, nikashika mapigo, nikabonyeza tena. Filimbi ya kifua ilikuwa ndogo kwanza, kisha ikawa kubwa, na luteni akaruka akidhani mambo yameharibika. Nikamweleza kwamba ni hewa iliyoanza kupita. Kabla jua halijafika kwenye migomba, komanda alisema neno lake la kwanza zima. Aliomba maji.

Walipoondoka, luteni aliichukua pompe pamoja na chupa. Nilimwambia ina mwenyewe. Komanda akageuka, akamtazama Mama Kanyere.

"Mama, nitakutumia ingine," akasema, kwa Kiswahili chenye shida.

Haikuja. Sijui kama alisahau, au alikufa huko alikokwenda, au lilikuwa neno la kuagia tu. Kiboksi cha aminophylline walikiacha juu ya meza.

Majuma yaliyofuata mapigano yalisogea, barabara ya Butembo ikafungwa, kisha ya Beni. Mvua ilinyesha juu ya nyumba zilizochomwa, na moshi wa nyasi za paa zilizolowa ukakaa bondeni kutwa nzima. Masika alimleta mama yake mgongoni asubuhi moja, kifua kimebana.

Nilimtundikia aminophylline ndani ya serum, tone kwa tone, mkono wangu haukutoka kwenye mapigo yake. Ilimsaidia. Mchana alikunywa uji, akamuuliza Masika kama mbuzi wamefungwa. Kesho yake alibana tena. Nikarudia, kwa kipimo ambacho moyo wake ungeweza kubeba, na ikamsaidia kidogo kuliko ya kwanza. Hydrocortisone ilikuwa imekwisha, na adrénaline hatukuwa nayo tangu mwanzo wa mapigano. Nilikuwa na cha kuziba tundu. Sikuwa na cha kufungua robinet. Ningeongeza dawa, ningemfanyia kile nilichokataa kumfanyia komanda.

Vijana wangu, sikilizeni hili, mengine mkiyasahau hakuna neno. Kifua kinachopiga filimbi kinakutisha, lakini bado hewa inapita. Kifua kilichonyamaza ndicho cha kuogopa. Siku ya tatu niliweka stethoscope mgongoni mwa Mama Kanyere na sikusikia karibu kitu.

Wanaume wa kanisa walimweka kwenye kipoyi, ile machela ya miti, wakakibeba mabegani kupitia njia za mashamba, kuelekea Beni, ambako tulisikia bado kuna oksijeni. Mimi nilitembea pembeni nikiinua chupa ya serum. Masika alitangulia akitazama kama njia iko salama. Tulipanda kilima kimoja, na wabebaji walianza kuhema. Mama Kanyere alifungua macho.

"Mupumuzike, batoto," akawaambia. "Munachoka."

Walikishusha kipoyi kivulini, si kwa sababu ya uchovu, bali kwa sababu mama amesema. Alikufa pale, mchana, kabla hawajamaliza kujifuta jasho. Masika alikuwa amesimama mbele, akitungoja. Nilipotoa sindano mkononi mwa mama yake, alielewa akiwa kulekule mbele.

Hakupiga kelele. Alikuja akakaa chini, akaweka kichwa cha mama yake mapajani. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia:

"Kama angekuwa na pompe yake, angekufa?"

Kuna majibu ambayo tunafundishwa kuwapa wafiwa. Sikuwa na nguvu ya hata moja.

"Nadhani hapana," nikasema. "Nadhani angefika Beni."

Wabebaji waliinamisha vichwa. Mmoja akasema wale askari ni wezi, Mungu atawauliza. Masika akauliza tena.

"Ile siku, baaskari walijua kama pompe iko naye?"

"Hapana. Niliongea naye Kinande. Walikuwa hawasikie."

"Angenyamaza, wangeijua?"

"Hapana."

"Na yeye alijua kama hakuna ingine?"

"Nilimwambia mbele ya kufungua fundo. Alijua."

Akatikisa kichwa taratibu. Akamfunika mama yake uso kwa kikwembe, akasimama, akashika mwenyewe mti mmoja wa kipoyi kwa safari ya kurudi, na hakuna mwanaume aliyethubutu kumwondoa.

Tulimzika kesho yake, kwa haraka, kama tulivyozika watu wote miaka ile. Waimbaji waliimba, na kwa mara ya kwanza wimbo haukukatizwa; nilimwona mmoja wao akisita katikati ya ubeti, akingoja, kisha akaendelea. Mchungaji alisimama kando ya kaburi. Alikuwa mtu mwema, mchovu, aliyezika wengi.

"Wapendwa," akaanza, "vita imetunyanganya mama yetu."

"Hapana, pasteur," Masika akasema.

Alisema kwa adabu, lakini wote tulisikia. Mchungaji akamtazama.

"Mama hawakumunyanganya kitu. Alitoa. Alijua bei yake, na akatoa kwa mukono yake. Tumuzike kama mutu mwenye alitoa. Tafazali."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya mbao za sanduku. Mchungaji alifunga Biblia, akaikumbatia kifuani, akafikiri kidogo. Kisha akaanza tena ile sentensi, kutoka mwanzo: "Wapendwa, mama yetu alitoa."